Chenga za Plamsi Bila Chumvi

Ganda la juu lilikuwa zima. Hicho ndicho kilichomchanganya Zakia asubuhi ile aliposhika kijiko ili akate chenga za plamsi alizozioka jana yake. Juu palikauka vizuri, pakawa na rangi ya kahawia, wala hapakuwa na alama ya kidole. Lakini kijiko kilipozama hakikukuta kitu. Plamsi zote za chini, yale matunda mekundu ya milimani, hazikuwepo, na bakuli la bati lilikuwa kavu, limeng'aa kama lililotoka kusuguliwa kwa majivu.

Alimwita mumewe. Amiri alikuja na mswaki mdomoni, akachungulia, akasema ni panya.

"Panya gani anakula chini bila kutoboa juu, Baba Sabra?"

"Panya wa huku kwetu, mke wangu, wana akili kuliko diwani," akajibu, akachukua jembe lake akaenda kwenye kabichi.

Zamani Zakia angecheka. Mwaka mzima sasa alikuwa hajacheka, tangu walipomzika Sabra, binti yao wa pekee, kwenye mteremko nyuma ya nyumba.

Mtoto yule aliletwa duniani na tumbo dhaifu. Ngano ilimkataa tangu alipoanza kula: chapati, mkate, andazi, chochote cha ngano kilimlaza kitandani siku nzima. Maziwa, mayai na siagi vilimtoa vipele na kumbana kifua. Wakati huo Zakia alikuwa mpishi kwenye nyumba moja ya wageni, barabara ya kupandia Magamba, na huko akafika mama mmoja wa Kizungu, mzee, aliyekuwa hagusi ngano wala chochote kilichotoka kwa mnyama. Zakia alimwona kama watu wenye shibe wanaojichagulia njaa. Lakini siku mzee yule alipoingia jikoni na kuanza kujipikia mwenyewe, Zakia alimkumbuka mwanawe, akaweka kiburi chini, akatazama kila kitu hatua kwa hatua.

Mambo yenyewe hayakuwa makubwa. Unakata plamsi, unatoa kokwa, unazipanga bakulini na sukari guru na iliki. Juu yake unaweka unga wa mchele, karanga zilizotwangwa na nazi iliyokunwa, ukivisugua pamoja na mafuta ya nazi kwa ncha za vidole mpaka vitengane vipande vidogovidogo, chenga tupu. Zakia hakuwa na jiko la umeme la kuokea. Alitia mchanga kwenye sufuria kubwa, akaweka bakuli humo, akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko, na moto mwingine chini. Sabra alikaa pembeni amekunja magoti, akingoja harufu. "Mama, chenga zimenukia!" Ndiye aliyezipa jina hilo. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na chakula kitamu ambacho hakikumuumiza, na Zakia alijiona mama kamili.

Baadaye figo za mtoto zikaanza kushindwa kazi. Daktari akakataza na chumvi, kwa hiyo hata ile chembe ya chumvi aliyoifundisha Mzungu ikaondoka. Chenga zikabaki tamu tupu. Na plamsi zilipoanza kuiva, Sabra akaondoka.

Mwaka ulipotimia, Amiri alifanya hitima. Mwalimu wa madrasa alikuja na watoto wake, wakasoma, wakala wali wa nyama, chapati, na maandazi ya maziwa. Walipotawanyika, Zakia alibaki na masufuria, roho ikimuuma kwa jambo ambalo hakuweza kumwambia mtu: shughuli ya mwanawe imekwisha, na mwanawe asingeweza kula karibu chochote kilichopikwa. Akaenda kwa Marta, jirani yao kutoka Gare aliyekuwa akiuza matunda, akachukua plamsi. Alasiri hiyo akapika chenga. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka msituni, na adhana ya Magharibi ilikuwa haijakwisha, alipoweka bakuli dirishani, wazi, bila kulifunika na bila kusema bismillahi, akaita kama alivyozoea kumwita kutoka michezoni.

"Sabra! Sabra, njoo ule!"

Asubuhi yake ndipo akakuta ganda tupu.

Mtu mwenye akili yake angetupa bakuli lile shimoni. Zakia aliliosha, akapika tena. Tusimlaumu upesi, aliyezika mtoto ana haki ya kuwa mjinga kidogo.

Mara ya pili alisikia kijiko. Alikuwa amekaa chumbani, ukungu umejaa nje mpaka mlango wa choo hauonekani, na kutoka jikoni ikaja sauti ndogo ya kijiko kikigonga bati, polepole, kikigonga tena, kama mtoto aliyeambiwa ale taratibu. Pakanukia udi, ule udi uliolowa maji, mzito, unaokaa kooni. Zakia akasimama nyuma ya mlango wa jikoni. Akaweka mkono juu ya komeo.

"Sabra?"

"Abee, mama."

Ilikuwa sauti yake. Hata kile kikwaruzo cha kifua kilikuwemo. Zakia aliteleza akakaa chini, akaegemeza shavu kwenye ubao wa mlango, akalia kwa furaha bila kutoa sauti.

"Usifungue, mama. Nitaondoka ukifungua."

"Sifungui, mwanangu. Kula."

Ikawa hivyo kila alasiri. Plamsi zilipokwisha msimu, alipika kwa peasi. Marta alipomuuliza matunda yote yale ni ya nani, alisema ni ya wageni. Alikonda. Aliacha kwenda kazini, aliacha kusalimia watu njiani, akawa anatabasamu peke yake akichambua karanga. Amiri alimtazama na hakuelewa. Alifurahi kumwona mkewe anatabasamu, na wakati huohuo tabasamu lile lilimtisha. Zaidi ya hayo Zakia alikuwa na siri nyingine, iliyokuwa tumboni, changa kabisa, ambayo hakuwa amemwambia mtu yeyote. Baada ya mazishi aliogopa hata kuifurahia.

Siku moja kijiko kilisimama katikati.

"Mama," sauti ikasema nyuma ya mlango, chini kabisa. "Chenga hizi ni za nani?"

"Zako, mwanangu."

"Na huyo aliyelala tumboni mwako?"

Zakia alijishika tumbo. "Nani kakwambia?"

"Namwona. Amejikunja. Amelala vizuri."

"Ni mdogo wako, Sabra. Utampenda."

Kisha kijiko kikaanza tena, lakini sasa hakikugonga bati, kilikwaruza ubao wa mlango, upande wa pili wa pale alipoegemeza shavu, kikashuka polepole mpaka usawa wa kiuno chake, kikakaa hapo, na harufu ya udi ikapita chini ya mlango, baridi, ikamwingia ndani ya kanga kama mkono wa mtu aliyetoka kwenye maji, na ile sauti ya mwanawe, yenye kikwaruzo chake na upole wake wote, ikamwambia kwa kubembeleza, "Huku nje kuna baridi, mama. Mtoe yeye. Mtoe, nilale mimi hapo."

Alipofika kitandani alikuwa na maumivu ya kiuno, na kwenye kanga kulikuwa na doa la damu.

Amiri alimkuta amejikunja. Zakia alimweleza yote, kuanzia hitima mpaka ujauzito, akinong'ona kwa sababu aliogopa kusikiwa jikoni. Amiri hakumfokea. Alikaa kitandani muda mrefu ameshika kichwa, huzuni na furaha zikimvuta huku na huku, kisha akavaa koti akapanda Magamba.

Alirudi na Bibi Tatu, fundi wa mashetani, mwanamke mfupi aliyevaa mabuti ya mvua na kukohoa kila hatua.

"Shikamoo, bibi," Zakia alisema kutoka kitandani.

"Marahaba. Onga mshi," akaongeza salamu ya lugha ya kwao. "Lala, usiinuke." Bibi akaenda jikoni, akanusa bakuli, akarudi amekunja uso. "Humu unatia nini?"

Zakia akataja: matunda, nazi, karanga, mchele, sukari guru, iliki.

"Siagi? Samli? Yai?"

"Hapana, bibi."

"Chumvi?"

"Daktari alikataza."

Bibi Tatu akaketi, akavua buti moja, akalikung'uta tope. "Umepika chano, mama. Sinia la majini. Mimi nikitaka kuwaita wale wa msituni napika hivihivi, tamu tupu, nazi na iliki, chumvi isikaribie. Chumvi hawaiwezi. Sasa wewe umepika, umeweka wazi dirishani, Magharibi, umeita na jina. Sadaka ya maiti huliwa na walio hai, hata mtoto wa madrasa anajua. Mwanao hakusikia, yuko kwa Mola wake amepumzika. Aliyesikia ni mpita njia."

"Lakini sauti ni yake, bibi. Kifua chake kabisa."

"Ulimpa jina, ukampa na chakula chake. Sauti angekosa wapi?"

Zakia akageukia ukutani. Amiri akauliza wafanye nini.

"Atapika mwenyewe, kwa mkono wake, na atatia chumvi mwenyewe. Mimi nikitia, hilo jini haliondoki. Na kuanzia hapo jina lile halitamkwi tena nyumbani humu. Si na yeye, si na wewe, si na jirani. Likitamkwa, jini litaitika."

"Hata kumwita mke wangu Mama…" Amiri akajizuia.

"Hata hivyo."

Kesho yake alasiri Zakia alipika. Alikata peasi, akasugua unga kwa ncha za vidole, na kila kitu kilikwenda kama siku zote mpaka alipofika kwenye chumvi. Aliishika kiganjani akashindwa kuiachia. Mkono huohuo ndio ulioinyima chumvi kila mboga ya mwanawe, ukapika mara mbili kila siku ili mtoto asidhurike. Mwishoni alifumba macho akaimwaga. Akapalia makaa, akangoja, akaweka bakuli dirishani. Ukungu ulikuwa umekaa kwenye mabati ya paa ukidondoka. Bibi Tatu alisimama naye nyuma ya mlango, amemshika kifundo cha mkono.

Hakuhitaji kuita. Udi ulinukia. Kijiko kikagonga bati mara moja tu, kikaanguka.

"Mama," sauti ikasema, na ilikuwa imeanza kulia. "Mama, umesahau. Daktari alikataza."

Zakia akaruka. Bibi Tatu alimvuta kwa nguvu asizotegemewa kuwa nazo.

"Mama, figo zangu zinauma. Mama, nimekosa nini? Sitasema tena habari za mdogo, mama, sitasema, nitakaa hukuhuku nje kwenye baridi, nipe tu zile za siku zote, fungua mlango unione, fungua mama, ni mimi," na kilio kikapanda, kilio kilekile cha wodini, usiku ule ambao nesi alimtoa Zakia nje na kufunga mlango, na Zakia akasukuma mlango huu wa jikoni kama alivyousukuma ule, akiomba msamaha, akisema mwanangu, mwanangu, akijua ni uongo na asiweze kuacha, mpaka kikatoka dirishani, kikazunguka nyumba, kikapita kaburini bila kusimama, kikapanda mteremko kuelekea msituni kikilia njia nzima, kidogo, kidogo zaidi, kisha matone ya ukungu tu juu ya bati.

"Limepita kaburini wala halikugeuka," Bibi Tatu akanong'ona. "Umeona? Kaburi halikuwa lake."

Zakia alilia kuliko siku ya mazishi. Siku ile mtoto alichukuliwa. Leo alimfukuza mwenyewe, hata kama hakuwa yeye.

Damu ilikata. Mimba ilikaa. Katika kipupwe alijifungua mtoto wa kiume, mnono, wakamwita Saidi, na mtaa mzima ukaanza kumwita Mama Saidi. Amiri alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuwaomba wasilitaje tena lile jina la zamani. Zakia alichelewa kuitika kila alipoitwa hivyo. Kaburini alisoma dua na kuishia "mwanangu" tu, na nyakati nyingine, akimnyonyesha Saidi, ile herufi ya kwanza ilimfika kwenye meno, akaimeza. Ilimuuma sana. Aliona kama anamzika mtoto wake kidogo kidogo kila siku, ili mwingine aishi.

Marta peke yake hakuambiwa. Alikuwa ameshuka Mombo tangu msimu wa peasi kumuuguza dada yake, na aliporudi alisikia tu kwamba jirani yake amejifungua. Hakukaa hata kunywa chai. Alifunga njegere na viazi kwenye kanga akaja, mchana wa jua zuri, akipiga vigelegele tangu barabarani.

Zakia alikuwa uani anaanika nepi. Saidi alikuwa chumbani, amelala, hajatimiza hata arobaini.

"Hodi hodi! Nimefika mie!" Marta aliita kutoka mlango wa mbele. "Mama Sabra! Mama Sabra, uko wapi?"

Zakia alifungua mdomo kumnyamazisha.

"Abee," sauti ikaitika kutoka chumbani, karibu kabisa na kitanda cha mtoto.

Nepi ilimponyoka mkononi. Na kitu ambacho hakumwambia Amiri, wala Bibi Tatu, wala mtu mwingine yeyote baada ya siku ile, ni kwamba furaha ndiyo iliyomfika kwanza. Hofu ilikuja baadaye, akiwa tayari anakimbia.