Wiki ya Kumi na Tisa

Mto wa tatu ulikuwa na joto. Fundi aliugusa kwa kiganja, akaugusa tena kwa mgongo wa mkono kama anayempima mtoto homa, halafu akamgeukia mumewe aliyekuwa bado anahangaika na zipu ya sanduku. Hawakuwa wamemaliza hata dakika tano humo chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, mito miwili baridi, na huu wa tatu katikati ulikuwa na shimo la kichwa.

"Kuna mtu alikuwa amelala hapa."

"Wewe nawe! Jua limepiga dirishani," mumewe alisema.

Dirisha lilikuwa upande wa pili, na pazia limefungwa. Fundi hakubishana. Alikuwa ameshabishana siku kumi, na bado alijikuta yuko hapa, magauni ya watu yamelala kwenye cherehani nyumbani, kwa sababu ya ofa ya kulala bure siku mbili. Kampuni iliyowaalika iliuza nyumba moja kwa watu hamsini. Kila mmoja ananunua wiki yake ya likizo, anarudi wiki hiyohiyo kila mwaka mpaka afe, na akifa wiki inakwenda kwa watoto wake. Wao walikuwa wamewekewa ya kumi na tisa. Kesho asubuhi wangetakiwa kuamua, na karatasi ilitaka saini za wote wawili. Hapana ya Fundi ilikuwa tayari, imemkaa kooni tangu safari ilipoanza.

Mumewe alikuwa amefanya kazi mapokezi ya hoteli miaka thelathini. Aliwagawia watu funguo za vyumba ambamo yeye mwenyewe hakuwahi kulala, na sasa amestaafu, alitaka mara moja tu kwa mwaka na yeye apewe ufunguo. Fundi aliujua uchungu huo, na ndiyo maana hasira zilimzidi. Angekuwa na mume mjinga, angemzomea tu mambo yakaisha.

Saa nane mchana walikuwa sebuleni. Mume alikuwa amezama kwenye karatasi za kampuni, Fundi anakagua pindo la pazia na kumlaani kimoyomoyo aliyelishona. Ndipo yakasikika magurudumu ya sanduku, kwa mbali, yakikokotwa taratibu kwenye vigae. Yakasimama. Sauti ya upole ikasema, "Hodi."

"Karibu! Karibu sana, jisikie nyumbani," mume aliitikia bila kuinua kichwa, kama alivyowaitikia wageni maisha yake yote.

Fundi aliliachia pazia. "Umemkaribisha nani?" alinong'ona.

"Si huyo aliyebisha..."

"Mlango wa nje uko huku. Hodi imetoka chumbani kwetu."

Wakatazamana. Mlango wa chumba ukafunguka wenyewe, polepole, na hakuna aliyetoka, ila magurudumu yalianza tena kukokotwa, yakaja yakipita juu ya vigae vitupu mbele ya macho yao, na harufu ikaja nayo, harufu ya taulo bichi lililosahaulika kwenye mfuko, ikazidi kadiri yalivyosogea, yakaizunguka meza, yakapita karibu na miguu ya Fundi hata akahisi baridi kwenye vifundo, yakafika kwenye kochi, na hapo mto uliokuwa pembeni ya mumewe ukadidimia, ukadidimia kama umekaliwa na mtu mzito, na mumewe akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, na alipoyafumbua hakuwa yeye.

"Nyumba nzuri," alisema kwa sauti ileile ya upole. "Nunueni."

Hasira ilimfika Fundi kinywani kabla ya woga. "Mtoke mume wangu."

"Nimekaribishwa."

"Mimi sijakukaribisha!"

"Mmoja anatosha." Jini lilikunja nne kwa miguu ya mumewe, ambaye hakuwahi kukunja nne maishani. "Sikiliza, mama. Mkisaini, mimi nabaki hapa. Mtakuja wiki moja kwa mwaka, nitakaa ndani ya mumeo wiki hiyo, kisha mtakwenda zenu salama. Mkifa, atakuja binti yenu. Asipokuja, nitamfuata. Na wanawe, na wana wao. Msiposaini, naondoka na huyu kesho hiyohiyo, nakaa kwenu kila siku mpaka afe."

"Na akifa?"

"Nitarudi hapa. Siwezi kumwingia mtu asiyenirithi kwa maandishi, mpaka anikaribishe mwenyewe."

Fundi hakulala. Alikaa kwenye kiti mpaka kukapambazuka, akimkasirikia mumewe, na ofa ya bure, na nafsi yake mwenyewe iliyokubali kupanda basi.

Saa nne dada wa mauzo aliwapokea ofisini, nadhifu, manukato yake yanafika kabla yake. Akapanga karatasi mezani. Mume akasaini haraka, kwa mwandiko wa kupendeza ambao Fundi hakuwahi kuuona. Fundi akaishika kalamu, akauliza, "Wangapi wamelala pale wakakataa kununua?"

"Hakuna, mama. Nyumba ile inajiuza yenyewe."

Alitabasamu vizuri sana, lakini tangu waingie hakuwa amemtazama mume usoni hata mara moja. Fundi akaliona hilo, na damu ikamchemka.

"Unajua," alisema. "Kumbe unajua!"

Dada akaangalia mlango, akashusha sauti. "Mama, saini tu. Wenzako wote wamesaini. Ni wiki moja."

"Na mtoto wangu?"

"Kila mtu ana mtoto, mama."

Fundi alitamani amrukie. Lakini mkono ulikuwa bado umeshika kalamu, na ukweli lazima usemwe: ulitaka kuandika. Wiki moja. Wiki zote zilizobaki angekuwa na mumewe, wakinywa chai, wakigombana mambo ya kawaida. Binti yao alikuwa mbali, hajui lolote, na kufa bado. Ncha ya kalamu ikagusa karatasi.

Chini ya meza, mkono ukalishika gauni lake na kulivuta. Mume alikuwa anatetemeka mwili mzima, jasho linamtiririka, na sauti iliyotoka ilikuwa yake, ya kukwaruza, sauti ya mtu anayezama.

"Usimpe mtoto."

Kisha uso ukalainika tena, tabasamu likarudi.

Fundi akaiweka kalamu. "Sinunui," akasema. "Tunakwenda nalo jini lenu."

Dada wa mauzo alisogeza kiti chake nyuma mpaka kikagonga ukuta. Hakuwaaga.

Nyumbani waliitwa waganga wawili. Wa kwanza alisikia magurudumu ukumbini akaondoka bila mkoba wake. Wa pili alifika getini, akanusa, akasema amesahau kitu kwenye gari. Fundi akaachana nao. Akawa anashona huku analitukana jini kutwa nzima, na jini linamjibu kwa adabu kwa kinywa cha mumewe. Siku nyingine, kwa dakika moja au mbili, mumewe mwenyewe alirudi, akamshika mkono, akamuuliza kama amekula.

Mwezi wa nne tangu warudi, binti alikuja bila taarifa, mtoto mgongoni, begi mkononi. Fundi alimwahi getini, akatoka, akalifunga kwa nje.

"Mama, kuna nini? Simu hupokei. Baba yuko wapi?"

"Baba yako mzima. Rudi."

"Nimesafiri siku nzima na mtoto! Nimekukosea nini?"

Kutoka ndani sauti ya baba ikaita, tamu, changamfu, yenye mapenzi yote ya baba: "Ni binti yetu huyo? Mwache aingie, mke wangu. Nimemkumbuka sana."

Uso wa binti uliangaza. Neno moja la karibu kutoka kinywani mwake lingelitosha jini. Akanyoosha mkono kwenye komeo, na Fundi akaupiga, kofi la nguvu ambalo hakuwahi kumpiga hata alipokuwa mdogo. Mtoto akalia mgongoni.

"Nimesema rudi! Usikanyage tena hapa mpaka nikuite."

Machozi yakamjia binti, kisha yakafuatwa na chuki kavu. Akalishika vizuri begi lake. "Hutaniita," alisema. "Na mimi sitakuja." Akaondoka, na hakugeuka.

Fundi alisimama mpaka alipokata kona, akanusa harufu ya taulo bichi ikimjia kutoka dirishani, akajifuta uso kwa kanga. Kisha akafungua geti, akaingia ndani kwenda kugombana nalo.