Mpira wa Oili wa Chini

Mansur hakuwa na karakana yenye mlango. Hakuwa na cheti cha ufundi cha kutundika ukutani, wala ukuta wenyewe. Hakuwa na mke, hakuwa na baba wa kumsemea, wala hakuwa na shati ambalo halijaguswa na oili. Alichokuwa nacho ni turubai kando ya barabara ya malori pale Changamwe, sanduku la spana, na mikono iliyosifiwa na kila mwenye bodaboda.

Asubuhi moja, katikati ya honi na moshi wa matrela, pikapu ilisimama ikashusha pikipiki kubwa ya zamani. Nyuma yake akashuka mwanamke wa buibui jeusi lenye zari mikononi, harufu ya asumini ikimtangulia.

"Fundi, salaam aleikum. Yavuja kama paa la nyumba ya kukodi hii."

"Aleikum salaam. Ya nani, bibie?"

"Ya kaka yangu, baharia. Imelala tangu aondoke. Karibu atarudi, nataka aikute yanguruma."

Mansur alichutama. Mipira miwili inayopeleka oili ya injini mbele ikapozwe na kuirudisha ilikuwa imekauka, ikafanya nyufa kama visigino vya kaskazi.

"Injini ni nzima. Mipira ndiyo iliyokufa. Nipe nambari, nikupigie ikiwa tayari."

"Wataka kupiga, au wataka nambari tu?"

"Vyote viwili, wallahi."

Samiha, ndilo jina lake, akacheka hadi makuli wa lori la jirani wakageuka.

Tangu hapo simu hazikukatika. Mansur alipiga kuhusu mipira, akapiga kuhusu klipu, na yalipokwisha ya kuuliza akapiga vivyo hivyo.

"Leo wapigia nini?"

"Kukwambia mipira haijafika."

"Na jana haikufika."

"Na kesho haitafika, inshallah."

"Mansur weye! Wenzio huleta barua kwetu. Weye waleta maneno matupu."

Neno hilo lilimkaa. Kwa watu wa Likoni, kwao Samiha, barua ya kupelekwa nyumbani kwa mwanamke ni moja tu, nayo ni ya posa.

Mipira ilipofika, Mansur alifanya jambo ambalo angemtimua mwanafunzi wake kwa kulifanya. Wa juu aliufunga ule wa sawa. Wa chini aliuacha sandukuni, akakata kipande cha mpira wa petroli akakifunga mahali pake. Oili ya moto huulainisha mpira wa namna hiyo, ukavimba, mwishowe ukapasuka. Alilijua hilo. Lakini alitaka Samiha arudi.

"Uilete tena Jumamosi, niikaze," alimwambia, asiseme zaidi.

Jumamosi Samiha hakuja. Alipiga simu. "Yaenda vizuri, mpenzi. Haina haja ya kuirudisha."

Mansur alisikia neno moja tu katika hayo yote. Siku ya pili yake alimtuma shangazi yake, Bi Mwanatatu, aende Likoni na kikapu cha halua, akapeleleze mlango kabla ya kupeleka barua. Aliporudi hakuvua hata ushungi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Halua yako hii, mwanangu."

"Hawakuwepo?"

"Walikuwepo, na kahawa wakanipa. Mamake kanambia barua ya Swaleh imejibiwa tangu mwezi wa Rajabu. Harusi yangoja arudi safari. Na ile pikipiki nimeiona uani, yang'aa. Nikauliza ya nani." Alimtazama kwa huruma. "Ya bwana harusi."

Mansur alitoka nje akapiga simu.

"Samiha, kaka yako aoa lini?"

"Ningekwambia ni ya mchumba wangu, ungeishika kwa mapenzi vile?"

"Na ile habari ya barua?"

"Yalikuwa maskhara. Nyumba ilikuwa kimya, na weye wanichekesha." Sauti ilipungua. "Nisamehe, mpenzi."

"Usiniite hivyo. Sikiliza, ule mpira wa chini..."

"Mpira! Sasa wanitisha na mpira ili nirudi?"

Akakata. Kuanzia hapo nambari yake haikupatikana tena.

Wiki nzima Mansur alifanya kazi meno yameumana. Alimwona Swaleh, mtu ambaye hajapata kumwona, akisukuma chuma kilichokufa juani, na picha hiyo ilimpa raha chungu. Jirani yake Odhiambo, mchomeleaji wa mageti, aliyekwisha kuambiwa yote, alimtia moyo.

"Alikuchezea, boss. Wacha injini inoki, ikwame kabisa, wasukume hiyo kitu mpaka feri! Na huyo baharia amerudi. Nachomelea geti la jirani yao. Kesho anambeba mchumba wake na hiyo pikipiki mpaka ufuo wa Shelly Beach."

Spana ilisimama mkononi mwa Mansur. Mpira ule ulipita mbele ya gurudumu la nyuma. Ukipasuka, oili itamwagikia tairi kabla injini haijanoki. Na kwenye kiti cha nyuma ataketi mtu mwenye buibui.

"Waenda huko leo?"

"Sasa hivi. Nimwambie?"

"Ukimwambia weye utaongeza yako."

Alinunua karatasi na bahasha kwenye kioski. Barua ya kwanza ilijaa Samiha: kicheko chake, simu zake, uongo wake. Ilimwendea mbio, kalamu ikatoboa karatasi. Ingetosha kuivunja harusi. Aliisoma mara mbili, akaona kila neno ni kweli, akaichana.

Ya pili aliiandika polepole.

"Ndugu Swaleh, salamu. Mimi ndiye fundi wa pikipiki yako. Mpira wa oili wa chini si wa oili, ni wa petroli. Niliufunga nikijua. Usiiwashe pikipiki. Tafuta fundi mwingine autoe, atie mpira wa sawa, aongeze oili, kisha aache injini ipate moto atazame viungo kama vinavuja. Kosa ni langu peke yangu. Mansur, Changamwe."

Odhiambo alisoma juu ya bega lake. "Peke yako? Na yule dem?"

Mansur alifuta mikono kwa tambara, akalamba gundi, akaibana bahasha juu ya goti mpaka ikashika. Alama ya kidole cheusi ilibaki pembeni.

"Mpe mkononi mwake, mwenyewe. Leo hii, kabla hajaiwasha."

Odhiambo aliitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akashika njia ya feri kwenda Likoni.