Maji ya Fighi Ndani ya Maabara

Mapovu yalianza kupanda majini kabla betri haijaunganishwa. Silvanus, mtunza maabara wa sekondari moja kule Wusi, aliyaona, akashika nyaya kuhakikisha. Zilikuwa bado mezani, hazijagusa betri.

"Mwalimu," alinong'ona, "hii kitu inafanya kazi bila umeme."

"Ni hewa tu," alijibu Mwalimu Nanzala, mgeni kutoka magharibi ya nchi, ambaye hakuwa na muda wa hofu za watu. Kidato cha nne walikuwa wakingoja kuona umeme ukitenganisha maji.

Silvanus hakumwambia mwiko aliouvunja, na hilo linaniudhi hadi leo, mimi niliyekuwa darasani. Mabomba yalikuwa yamekauka kwa ukame wa mwaka wa themanini na nne, basi asubuhi ile alimpeleka mwalimu kuteka maji kwenye chemchemi ya fighi, msitu wa wazee usiokatwa hata kijiti. Kila Mdawida, mwenyeji wa milima hii, anajua: huko unateka kwa kibuyu, na kata ya kwanza unairudisha ukiomba ruhusa. Lakini yeye alikuwa mzee wa kanisa, na mgeni alikuwa akimtazama. Akaona haya. Akazamisha mtungi wa plastiki kama anayeteka mtoni.

Nanzala akatia asidi, akaunganisha betri. Hewa ikajaa katika mirija miwili ya kioo. Akamwita Tryphena, binti pekee wa Silvanus, asogeze kijiti chenye moto kwenye mdomo wa mrija mmoja. Hewa ikalipuka kidogo, pu, na wanafunzi wakacheka.

Tryphena hakucheka. Harufu ya matope mabichi na nywele zilizoungua ikatanda darasani, shingo yake ikageuka polepole kumtafuta baba yake, na sauti nzito ya mtu mzima ikamtoka kifuani, huku maji meusi yakimchuruzika puani na kulowesha kola ya sare, na kwa kila neno midomo yake ikizidi kuwa ya buluu.

"Umeniteka bila hodi. Mkanitia asidi, mkanipasua, mkanichoma. Huyu simwachi."

"Tafadhali," Silvanus akaomba kwa sauti ya chini. "Nitakurudisha kwako."

"Nirudishe basi. Maji yote, hata haya anayotapika."

Nanzala akakinga beseni. Silvanus akamimina kila tone mtungini, akakimbia kupanda mlima katikati ya mahindi yaliyokauka, na njiani kitu kikawa kinagonga mtungi kutoka ndani, taratibu kwanza, kisha kwa kasi ya mtu anayeomba kufunguliwa, naye hakuthubutu kusimama wala kusikiliza mpaka akafika chemchemini, akamwaga yote, akaomba radhi akilia.

Aliporudi, Tryphena alikuwa ameketi, midomo imerudi rangi yake, Nanzala amemkumbatia. Silvanus akapiga magoti akamshukuru Mungu.

"Umemwaga yote?" binti akauliza.

"Yote, mwanangu."

"Vizuri. Binti yako alikuwa anagonga sana humo mtungini. Kule chini ni baridi, lakini atazoea."