Posa ya Mkalimani

"Mwambie mzee kwamba ninamwomba binti yake Osob," alisema Padre Tomlin, huku akisukuma kilemba kipya na mfuko wa sukari mbele ya wazee. "Aje kukaa nyumbani kwetu."

Alio alihisi mate yamemkauka kinywani.

Wazee waliokaa kwenye mikeka nje ya nyumba ya Mzee Bulle walimtazama yeye, si Padre. Padre alijua Kiswahili, wazee walijua Kisomali, na katikati alikuwepo Alio, kijana wa Wajir, mkalimani wa zahanati ya misheni hapo Garissa. Neno lolote lililopita hapo lilipita kwake.

"Mbona kimya, Alio?" Padre alinong'ona. "Nimekosea?"

Alikosea? Masikini, alikosea bila kukosea! Mke wa Padre, Memsahib, alikuwa anatibu wanawake pale zahanati, na Osob alikuwa akija na mama yake mgonjwa wa macho, mwisho akawa anawashika wenzake mikono na kuwatuliza. Memsahib akampenda. Padre akaona amwombe baba yake ili binti awe msaidizi, apewe na chumba. Basi. Hakuna baya.

Lakini kwa watu wa Osob, mwanamume akija mbele ya wazee, akaweka zawadi chini, akataja jina la msichana, huyo amekuja kuposa. Na zawadi ikishapokelewa, msichana ameshikwa. Mzee Bulle, ambaye udhaifu wake duniani ulikuwa vilemba, alikuwa ameshakiokota na kukitupia begani.

Linalouma ni kwamba ushauri wote ulikuwa wa Alio mwenyewe. Padre, usiende kwa mzee mikono mitupu. Padre, jambo kubwa liombe mbele ya wazee, usilinong'one pembeni, watakushuku. Padre, anza na zawadi, neno lifuate. Mgeni wa watu kayashika yote kama mtoto wa chuoni, kayafuata moja baada ya jingine, na yakamfikisha hapa. Ila hakumwambia Alio anakwenda kuomba nini.

"Anasema nini huyu?" Mzee Bulle aliuliza. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Nimesikia jina la binti yangu."

Alio akaona kifo waziwazi. Mkristo ameposa binti wa Kiislamu, na baba kapokea kilemba mbele ya mashahidi! Akisema anatakiwa kazi, ndiyo kabisa: binti wa Bulle akalale kwa wageni, awe mtumishi? Visu vilikuwa viunoni mwa kila mtu pale, isipokuwa yeye na Padre.

"Padre anasema…" Alio alimeza mate ambayo hayakuwepo. "Anasema mimi sina ndugu hapa Garissa. Kwa hiyo amekuja kama mzee wangu. Anamwomba Osob kwa niaba yangu."

Ngamia mmoja alilia huko zizini.

"Wewe?" alisema Mzee Bulle.

"Mimi, adeer," alijibu Alio, kama anayemwita ami yake.

"Unaswali bado? Au hawa wameshakuosha kwa maji yao?"

"Naswali, wallahi. Kazi yangu ni kutafsiri tu."

Mzee mmoja akacheka. Mwingine akasema afadhali kijana aliyeleta mzungu kuliko asiyeleta mtu. Mzee Bulle akakishika kilemba, akakitazama, akamtazama Alio.

"Nimeshakipokea. Nitamuuliza mwenyewe. Na mwanangu Issack akirudi kutoka kuuza ng'ombe, tutamaliza."

"Amesema nini?" Padre aliuliza kwa hamu.

"Amesema… atafikiri."

"Mungu asifiwe!"

Padre akatabasamu kwa kila mzee, mmoja mmoja, na wazee wakamrudishia tabasamu. Alio peke yake ndiye aliyejua kwamba wanatabasamia mambo mawili tofauti.

* * *

Kesho yake Safiyo, shangazi wa Osob muuza maziwa, alisimama mlangoni mwa zahanati. Hakuingia.

"Osob anakusalimu," alisema. "Anauliza: Alio, umemwambia baba nini? Na amesema usinijibu mimi. Njoo mtoni, wanaponywesha mbuzi."

Alio alikwenda mbio. Mto Tana ulikuwa umejaa, maji rangi ya udongo. Osob alisimama kwenye kivuli cha mikoma, Safiyo kakaa mbali kidogo akiwalinda, mgongo kawageuzia ila masikio kayaacha.

Tuseme ukweli: hawa wawili walikuwa wanapendana. Hawakuwahi kuambiana. Pale zahanati Alio alikuwa akitafsiri maneno ya Memsahib, Osob akitafsiri maumivu ya mama yake, na kila siku walikuta kuna neno moja halieleweki, lazima waulizane tena.

"Baba ameniuliza," Osob alisema. Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Nimekubali, Alio. Nilikubali haraka mpaka shangazi akanifinya."

Hapo Alio angepaswa kuruka kwa furaha. Badala yake tumbo lilimkaza.

"Alhamdulillahi," alisema, sauti haina nguvu.

"Padre ndiye aliyesema maneno hayo? Kwamba anaomba kwa ajili yako?"

"Ndiyo."

"Nitazame usoni."

Alio akatazama mbuzi.

"Leo asubuhi Memsahib kanishika mkono, kanionyesha chumba nyumbani kwao," Osob alisema polepole. "Kimefagiliwa. Kitanda kimetandikwa. Kitanda kimoja, Alio, chembamba hivi. Ni cha nani?"

Akamwambia. Yote. Alipomaliza, ule mng'ao machoni mwa Osob ulikuwa umezimika, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

"Kwa hiyo uliniposa kwa sababu ya kuogopa kisu."

"Osob, si hivyo."

"Ni vipi? Mimi nililala jana nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kumbe nimekuwa ngao!"

"Nakupenda."

"Sasa ndiyo unasema? Baada ya kuwaambia wazee wote isipokuwa mimi?" Kisha rangi ikamtoka. "Issack anarudi leo."

"Najua."

"Hujui. Kaka yangu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza, alipigana Burma. Anajua Kiswahili! Atakwenda moja kwa moja kwa Padre kumuuliza, na Padre atamjibu."

Alio alihisi baridi, na jua lilikuwa utosini.

"Nenda kwa baba sasa hivi," Osob alisema. "Sema mwenyewe kabla hajasema mwingine. Issack akisikia kutoka kwa Padre kwamba anataka dada yake alale nyumbani kwake, hatauliza swali la pili."

"Na baba yako akiniua?"

"Basi nitajua ulikufa ukisema kweli."

Mwanamke akikuambia hivyo, unakwenda. Alio naye alikwenda, lakini woga ukampeleka njia nyingine. Badala ya kwa Mzee Bulle, alikimbilia zahanati, akamwombe Padre amfichie siri.

Alichelewa.

* * *

Issack alikuwa amesimama barazani, vumbi la safari bado miguuni, kofia ya jeshi kichwani, kisu kirefu mkandani. Padre alikuwa anampa mkono.

"Jambo, Badre. Mimi Issack, mtoto ya Bulle. Nauliza wewe fizuri tu. Wewe naomba dada yangu?"

"Ndiyo, ndugu Issack! Nilimwomba mbele ya wazee, kwa heshima."

"Naomba yeye kwa nani?"

"Kwa ajili ya nyumba yangu mimi. Chumba chake kiko tayari."

Alio alikuwa bado mbali kidogo. Aliona mkono wa Issack ukishuka taratibu mpaka kwenye mpini. Aliona Padre akiendelea kutabasamu, hajui lolote, kama mtu anayengoja chai.

Miguu ilitaka kurudi nyuma. Naapa ilitaka. Sijui kwa nini ilikwenda mbele.

"Issack! Walaal, ndugu yangu, si yeye! Ni mimi!"

Akajitupa katikati, kifua kwa kifua na Issack, akisema Kisomali kwa haraka mpaka maneno yakagongana. "Alitaka msaidizi wa mkewe, basi. Hajui mila. Hakuposa. Neno la posa niliongeza mimi."

"Uliongeza?"

"Ndiyo."

"Mbele ya wazee? Baba yangu kapokea kilemba mbele ya wazee kwa neno uliloongeza wewe?"

"Ndiyo, walaal."

Issack akamkamata ukosi wa shati, akamnyanyua mpaka akasimama kwa vidole.

"Alio, kuna nini?" Padre aliuliza. Sasa hata yeye alianza kuogopa.

"Tunakwenda kwa Mzee Bulle, Padre. Tembea tu. Na tafadhali, usitabasamu."

* * *

Wazee walikusanyika haraka. Habari mbaya Garissa hazihitaji miguu. Mzee Bulle alikuwa amevaa kile kilemba. Aliposikia yote, alikivua, akakiweka mkekani, na nywele zake nyeupe zikaonekana. Hakuna aliyetaka kuzitazama.

"Padre," alinong'ona Alio, aliyekuwa amemweleza yote njiani, "sema ulichotaka siku ile. Nitakitafsiri kama kilivyo. Issack anasikia."

Padre alisimama. Mikono kaiweka nyuma.

"Nilitaka binti amsaidie mke wangu kazini. Sikujua zawadi yangu ina maana gani. Nimekuaibisha nyumbani kwako, mzee, na ninaomba msamaha. Huyu kijana alisema uongo kwa sababu aliogopa kwamba nitauawa."

Alio akayatafsiri. Issack akaitikia kwa kichwa: ndivyo.

"Chukua kilemba chako," Mzee Bulle alisema. "Sukari tumeshainywa, Mungu atusamehe." Kisha akamgeukia Alio, na Alio akatamani ardhi immeze. "Wewe. Unazijua mila zetu. Ungeniambia kile kilemba ni zawadi ya salamu, na kwamba mgeni anamsifu binti yangu kwa wema wake kwa wagonjwa. Ningefurahi, tungekunywa chai, mngekwenda zenu. Ungemwokoa mzungu wako bila kumtaja mchumba. Kwa nini hukusema hivyo?"

Hilo swali Alio alikuwa ameshajiuliza, na alikuwa analikimbia tangu jana.

"Halikunijia, adeer."

"Wewe? Mkalimani?"

"Woga ndio ulionifungua mdomo. Lakini kilichotoka kilikuwa kimekaa moyoni muda mrefu. Sikuwa na ndugu wa kunisemea, nikaona hapa kuna mtu amekaa mbele yako na zawadi, nikaiba maneno yake. Sikumwokoa yeye tu. Nilijitafutia. Nifanyeni mnavyotaka."

Issack alikuwa bado na mkono mkandani. Alio akaanza kusoma shahada kimoyomoyo.

"Posa ile haipo," mzee alisema mwishowe. "Binti yangu hana mchumba. Alisema amekubali, lakini alikubali kitu ambacho hakikuombwa."

Moyo wa Alio ukaanguka. Atabaki hai, sawa. Ataishi vipi?

"Aabo, baba yangu, nina neno."

Sauti ilitoka nyuma ya mkeka wa mlangoni. Mzee mmoja akasema astaghfirullah. Mzee Bulle akainua mkono.

"Sema. Hili limekugusa wewe kuliko sisi."

Osob akatokea, shashi kaivuta mpaka kwenye paji la uso. Safiyo nyuma yake alikuwa anamshika nguo, ama kumzuia ama kumtia nguvu, haikujulikana.

"Kila mtu ameombwa mimi," alisema. "Baba ameombwa, wazee wameombwa, Memsahib ametandika kitanda. Mimi sijaombwa. Kama kuna mtu ananitaka, aniulize hapa, kwa mdomo wake."

Wazee walimgeukia Alio. Issack akamgeukia Alio. Magoti yalianza kumtetemeka. Yaligongana waziwazi mbele ya kaumu nzima.

"Osob binti Bulle," alisema, kwa Kisomali chake chenye lafudhi ya Wajir. "Nakutaka. Nataka uwe mke wangu. Nitatuma neno kwa wajomba zangu, waje na kilemba changu mwenyewe."

Osob akamtazama magoti.

"Unatetemeka," alisema.

"Naogopa."

"Unaogopa nini sasa? Issack ameshaondoa mkono kwenye kisu."

"Nakuogopa wewe. Ukikataa, sina hata neno la kubadilisha."

Osob akamtazama. Ule mng'ao ukarudi machoni, kidogo kwanza, kisha wote, na machozi pamoja nao.

"Walete wajomba zako," alisema. "Na nikikusikia tena ukitafsiri uongo, nitamwita Issack."

Akageuka akaingia ndani. Safiyo akapiga kigelegele, akajiziba mdomo, akaona liwalo na liwe, akapiga kingine. Mzee Bulle alikuwa anajifuta uso kwa kiganja, akidai vumbi limemwingia.

Alio akakaa chini palepale mkekani, akalia mbele ya watu bila aibu.

Padre Tomlin aliwatazama wote, kilemba mkononi, jasho linamtiririka. Kwa kuwa mkalimani wake hakuwa wa kutumika tena, akasogea taratibu kwa Issack.

"Ndugu Issack, tafadhali. Amesema nini?"

"Yeye nakubali." Issack akamkazia macho. "Sasa wewe, Badre, kaa. Kunywa chai. Hakuna omba kitu ingine."