Oili Iliyogeuka Rangi

Kila asubuhi kabla sijaenda shule, baba huwasha gari la wagonjwa la kijiji chetu, Siyu, na kuliacha lingurume mahali tambarare. Ni gari refu la kupita mchangani, lenye gia otomatiki, na mimi ndiye hupima oili ya giaboksi. Huchomoa kijiti, hukifuta kwa kitambaa, hukirudisha, kisha hukichomoa tena. Oili nzuri ni nyekundu. Ikinuka kuungua au ikigeuka rangi, gari halitoki. Baba haoni vizuri vitu vya karibu, kwa hiyo kazi hiyo ni yangu, na nilijidai nayo mno.

Ijumaa moja isiyo ya shule oili ilitoka na rangi ya waridi, kama maziwa yaliyotiwa sharubati. Sababu niliijua. Siku iliyotangulia baba alivuka kijito cha bahari maji yakiwa yamejaa, na maji ya chumvi yalikuwa yameingia. Lakini asubuhi hiyo baba alikuwa anakwenda Kizingitini kuchukua dawa, na alikuwa ameahidi kunifikisha kwenye harusi ya binamu yangu Swafiya. Gauni langu lilishapigwa pasi.

"Raihana, vipi oili?" aliuliza.

"Nyekundu, baba."

Tukaenda. Nilicheza, nikala biriani, nikasahau.

Jumapili jirani yetu, Bi Mwanamkisi, alishikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Baba alimpakia haraka bila kupima oili, wawahi boti ya kwenda hospitali Amu, yaani Lamu. Nusu ya njia injini ikavuma, magurudumu yasisogee. Wanaume walimbeba kwa kitanda mchangani hadi kwenye boti, saa mbili nzima. Bi Mwanamkisi alipona. Mtoto alizaliwa amekufa, akazikwa alasiri ile ile.

Siku ya tatu, Bi Mwanamkisi akiwa amesharudishwa nyumbani, Fundi Wanyama alikuja kutoka Mokowe, akafungua giaboksi.

"Bwana Aqil, haya ni maji ya bahari. Yakiingia, gari lisiwashwe tena. Mwaga oili, osha, badilisha chujio, tia oili mpya. Mkilitembeza hivyo hivyo, klachi zinakwisha. Hamkupima?"

"Mwanangu alipima Ijumaa, akasema ni nyekundu," baba alisema. "Raihana hasemi uwongo. Labda yaliingia baadaye."

Afadhali angenipiga. Nililia mpaka nikashindwa kusema, kisha nikasema yote.

Fundi alilitengeneza gari kwa wiki mbili. Lakini jioni ile ile niliyokiri, baba alinishika mkono hadi kwa Bi Mwanamkisi. Alikuwa amelala, kifua kimefungwa leso ili maziwa yakauke. Nilirudia maneno yangu yote mbele yake.

"Mimi siyui kama mwanangu angeishi," alisema. "Hayo ni ya Mngu. Lakini kusema kweli kulikuwa juu yako, Raihana. Ukiona ubaya, sema papo hapo, hata kama harusi itakupita."

"Naam, Bi," nilijibu.

Akageukia ukutani, nasi tukatoka.