Spika za Nyuma

Jambo la kwanza lilikuwa dogo: mwimbaji alihama. Wimbo ulikuwa unakwenda vizuri, gita kushoto, kinanda kulia, na sauti ya yule mwanamke ikitoka mbele katikati, pale juu ya televisheni, kama inavyotakiwa. Kabla ya kiitikio sauti ikapita pembeni mwa sofa, taratibu, ikaenda kuimba nyuma ya kisogo cha kinyozi.

"Umesikia hiyo?" akamuuliza mkewe, meno yote nje.

"Nimesikia. Tangu lini mtu akaimbiwa kisogoni?"

Kinyozi huyo, ambaye mkewe na mtaa mzima walimwita Kiwembe, alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni muziki. Wenzake walikunywa bia, yeye alinunua waya. Mashine ile ya kuusambaza muziki kwenye spika za mbele na za nyuma aliipata kwa fundi redio, ambaye alimweleza kwa subira inavyofanya kazi.

"Muziki wako una njia mbili, kushoto na kulia. Hii inazisikiliza zote mbili na kuzilinganisha. Kinachofanana inakileta mbele katikati, ndiyo maana mwimbaji anakaa mbele. Kinachobaki, mwangwi, makofi, pumzi za ukumbini, inakitupa kwenye spika za nyuma. Uko sebuleni kwako, unajiona uko ukumbini."

"Sasa mwenyewe kwa nini kaiacha?"

"Hata sijui. Alikuwa bubu. Aliiweka mezani, akanisukumia kwa mikono miwili, akaondoka karibu anakimbia."

"Bubu na muziki wapi na wapi!" Kiwembe akacheka.

"Bubu si kiziwi, ndugu yangu."

Kwa hiyo mwimbaji kwenda nyuma lilikuwa kosa, na Kiwembe alijua ni kosa. Lakini ukipenda, chongo utaita kengeza. Akasema mashine ina akili kuliko fundi, akaongeza sauti. Harufu ya nywele zilizoungua ilipoanza kutoka nyuma ya sofa, harufu ambayo kinyozi hawezi kuikosea, alisema ni vumbi kwenye waya.

Mkewe alikuwa mshereheshaji wa harusi. Sauti ndiyo kazi yake, na ilikuwa sauti hasa: ukumbi uliojaa walaji na wapiga soga ulinyamaza akisema "jamani" mara moja tu. Kiwembe mwenyewe aliipenda sauti hiyo kabla hajauona uso. Alikuwa amesimama nje ya ukumbi akimsubiri mteja, akaisikia dirishani, akamsahau mteja. Mpaka leo, mwanamke huyo akimwita "Kiwembe wangu" kutoka jikoni, kinyozi huacha chochote alichoshika.

Ndiyo maana jioni ile, mkewe akijiandaa kwa harusi ya kesho yake, Kiwembe akachomeka kipaza sauti kwenye mashine.

"Fanyia mazoezi hapa. Nataka nikusikie pande zote."

"We na pande zako!" Mkewe alicheka, lakini akakishika. "Mabibi na mabwana, karibuni sana."

Sauti ilitoka mbele, nzito na tamu, kisha ikapita pembeni mwa sofa kama ilivyopita ya yule mwimbaji, ikatua nyuma. Kiwembe akafumba macho kwa raha. Mkewe aliweka kipaza sauti mezani, akainua glasi ya maji.

"Mabibi na mabwana, karibuni sana," ikasema sauti yake nyuma ya sofa. Ikatulia kidogo. "Asante. Tumeshakaribia."

Glasi ilikuwa bado mdomoni mwa mkewe.

Kiwembe alibonyeza rimoti, akabonyeza tena, lakini taa ya mashine haikuzimika. Alitaka kwenda kuchomoa waya, mkewe akamvuta shati. "Usiende huko nyuma," akamnong'oneza. "Tafadhali. Tutoke." Wakafunga mlango wa sebule, wakalala na taa ikiwaka, ingawa kulala ni neno tu.

Asubuhi walikuwa jikoni. Mkewe alimgeukia amuulize kama anataka chai, na Kiwembe akaona midomo yake ikitembea, akaona meno na ulimi vikifanya kazi yake kama siku zote, lakini pale jikoni hapakutoka sauti yoyote, na yale maneno, "Nikumiminie chai?", akayasikia kwa sauti ile ile anayoijua yakitoka sebuleni, nyuma ya mlango waliokuwa wameufunga kwa funguo. Mwanamke akajishika koo. Alipopiga ukelele, ukelele ulilia sebuleni.

Kiwembe alimpigia shangazi yake, mwanamke wa visomo na ubani, mwenye ulimi mkali kuliko wembe wowote wa dukani kwa mpwa wake. Alifika, akasimama mlangoni mwa sebule, akanusa.

"Mmeleta mashine ya kutupia mabaki nyuma, na wenyewe wanaokula mabaki mnawajua. Mkamwekea jini na mahali pa kukaa. Haya, na sauti ya mkeo nani kampa?"

"Mimi, shangazi."

"Basi nisikilize, mwanangu. Mashine isizimwe. Sauti imo humo, na ikizimwa kabla sijairudisha mbele, ataondoka nayo. Wewe simama karibu na ukuta, ulinde waya. Usiguse kitu, hata usikie nini."

Alimkalisha mke mbele ya spika ya katikati, akamfunika shuka jeupe mwili mzima, akachoma ubani, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Nyuma ya sofa kitu kilianza kuhema. Kisha sauti ya mwanamke ikasogea: ikatoka ukutani, ikafika pembeni, ikaja mbele kidogo kidogo huku ikinung'unika, na chini ya shuka mabega yakaanza kutetemeka.

"Inakuja," shangazi akanong'ona. "Tulia."

Kiwembe alitulia, jasho likimchuruzika, mpaka harufu ya nywele zilizoungua ilipojaa chumba chote na kuushinda ubani, na mabega chini ya shuka yakaruka kama ya mtu anayechomwa, na ile sauti, ambayo sasa hakujua tena kama ni ya mbele au ya nyuma, ikamwita kwa jina ambalo hakuwahi kulisikia asiitikie: "Kiwembe wangu, ananiunguza, koo langu, mume wangu, zima, unaniangalia tu, zima nakufa," na mkono wake ukawa tayari umechomoa waya.

Taa ya mashine ikafa. Chumba kikawa kimya.

"Umefanya nini, mwanangu?" shangazi akauliza taratibu.

Akalifunua shuka. Mke alikuwa mzima, hana hata alama. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu, hata mkwaruzo. Akamtazama mumewe, akajinyooshea kidole kifuani, akatikisa kichwa: si mimi niliyekuita.

Kiwembe aliivunja mashine kwa nyundo, akazing'oa spika zote. Aliwapigia wenye harusi simu mwenyewe, mmoja mmoja, na kila mara alimkumbuka yule bubu aliyeondoka karibu anakimbia, akajiona mjinga kwa kucheka. Shangazi alifukiza nyumba yote. Harufu ikatoweka, na wao wakajifunza kuzungumza kwa mikono.

Jioni moja walikuwa sebuleni, yeye kwenye sofa, mkewe chini mbele yake akikunja nguo. Ukuta wa nyuma ulikuwa umebaki na misumari tu. Mkewe akaacha kukunja. Akanusa. Kiwembe naye akanusa.

"Kiwembe wangu," ikasema ile sauti kisogoni, tamu kama siku ile ya dirishani. "Nimerudi. Mbona hunigeukii?"

Mkewe alimrukia, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamkazia uso umtazame yeye tu, machozi yakimtiririka, kichwa kikisema hapana, hapana. Kiwembe alimtazama mwanamke huyo aliyempenda. Na Mungu amsamehe, shingo yake ilikuwa inavuta kugeuka.