Mshale wa Gari la Boadu

Haya yalimpata rafiki yangu Donkor, fundi wa magari kule Suame, Kumasi. Mjane wa Boadu, bwana aliyekufa kwa pumu, alimletea gari la marehemu ili litangulie msafara wa mazishi Jumamosi. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa hautulii, mara juu, mara chini.

"Themostati tu hiyo, mama," Donkor akatamba. Akaing'oa valvu hiyo ya maji ya injini na kuitupa, kama wafanyavyo mafundi wote wa Suame. Mshale ukazidi kuhangaika. Akajaza maji, akaacha rejeta wazi ili hewa itoke. Mapovu yakakoroma, yakakatika, yakakoroma tena.

Mjane akainuka ghafla. "We fundi, zima hiyo injini!"

"Mbona nimeshaizima, mama?"

"Sasa kwa nini nasikia kifua cha mume wangu?"

Donkor akacheka. Akang'oa betri, akaitua chini. Wingu la mvua lilikuwa limetanda na banda zima limeingia giza. Akamulika kwa simu, akachungulia mshale kupitia dirisha la gari.

Mkoromo ukavuta pumzi, mshale ukapanda. Mkoromo ukashusha pumzi, mshale ukashuka.

Betri ilikuwa pale chini, imegusa kiatu chake.